Mtunga Mashairi Aliyetunga Sheria: Marehemu Sheikh Kaluta Amri Abedi na Istilahi za Bunge na Mahakama

Utangulizi

Kiswahili kina kitenzi kimoja kilichobebeshwa mizigo mingi wala hakichoki, nacho ni kutunga. Mtoto hutunga shanga katika uzi, mvuvi hutunga samaki katika kamba, msimulizi hutunga hadithi, malenga hutunga shairi, na Bunge hutunga sheria. Lugha nyingine hutenga kazi hizi na kuipa kila moja neno lake. Wahenga wetu waliona kwamba zote asili yake ni moja: vitu vilivyotawanyika vinachukuliwa kimoja kimoja, vinapangwa kwa utaratibu, na vinashikwa na uzi usioonekana. Uzi ukikatika, shanga humwagika.

Katika makala haya tunakusudia kueleza maisha na kazi ya mtu mmoja aliyekitumia kitenzi hicho katika maana zake mbili zilizo nzito kuliko zote. Naye ni marehemu Sheikh Kaluta Amri Abedi, malenga, mwanazuoni, Meya wa kwanza Mwafrika wa jiji la Dar es Salaam, mbunge, na Waziri katika serikali ya Tanganyika na baadaye ya Jamhuri ya Muungano. Habari za siasa yake na za dini yake zimekwisha kuandikwa na wengine. Sisi tutazitazama kwa upande mmoja tu, yaani upande wa istilahi. Tunataka kujua ni lugha gani aliyoikuta katika chombo cha kutunga sheria, ni lugha gani iliyohitajika, na ni kwa nini kazi iliyoanza katika wakati wake ilichukua zaidi ya nusu karne kabla ya kufikia mahali ilipofika.

Jambo hili si la kupitisha wakati. Sheria humfunga kila raia, aijue asiijue. Mahakama haikubali udhuru wa mtu asemaye kwamba hakuijua sheria. Basi ikiwa sheria hiyo imeandikwa kwa lugha asiyoielewa, raia huyo amefungwa kwa kamba asiyoiona.

Asili na malezi

Kaluta Amri Abedi alizaliwa Ujiji, katika Kigoma, mwaka 1924. Yafaa msomaji akumbuke Ujiji ni mji wa namna gani. Uko mbali sana na pwani ya bahari, lakini umesimama juu ya pwani nyingine, ile ya Ziwa Tanganyika, na Kiswahili kilifika huko pamoja na misafara ya biashara ya karne ya 19, kikaota mizizi. Mtoto wa Ujiji alikua akisikia Kiswahili sokoni, msikitini na ngomani, na papo hapo akisikia Kiha na lugha za ng'ambo ya ziwa. Ndiyo maana haishangazi kwamba mji huo ulitoa washairi wawili waliokuwa pia wanasiasa wa harakati za uhuru: Amri Abedi mwenyewe, na Saadani Abdu Kandoro, ambaye alikuwa miongoni mwa walioasisi TANU mwaka 1954. Watu hawa ni ushahidi ulio hai kwamba ushairi wa Kiswahili haukuwa mali ya mwambao peke yake.

Baada ya kusoma Tabora, Amri Abedi aliingia katika kazi ya dini chini ya Jumuiya ya Ahmadiyya, akawa mmoja wa watu walioshirikiana na Sheikh Mubarak Ahmad katika kuitafsiri Kurani kwa Kiswahili. Tafsiri hiyo ilitolewa Nairobi mwaka 1953. Kabla yake ilikuwako ile ya Padri Godfrey Dale ya mwaka 1923, na baada yake ilikuja ile ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy iliyokamilika mwaka 1969. Kulikuwa na mabishano makali baina ya madhehebu juu ya tafsiri hizi, nasi hatuna haja ya kuyaingia. Linalotuhusu ni lile ambalo mfasiri yeyote hulijua: kila aya ilimlazimisha mtu kuchagua. Je, neno la Kiarabu libaki kama lilivyo, litoholewe, au litafutiwe neno la Kibantu? Mtu aliyekaa miaka na miaka juu ya mizani hiyo, huku akijua kwamba maelfu watalipima kila neno lake, amepata mafunzo ya istilahi ambayo hayapatikani katika chuo chochote.

Katikati ya miaka ya 1950 alikwenda Pakistan kwa masomo ya dini, kisha akarejea nyumbani. Alipoondoka alikuwa amekwisha kuwaachia wasomaji kitabu kilicholifanya jina lake lijulikane katika Afrika Mashariki nzima.

Sheria za kwanza alizotunga

Kitabu hicho, Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, kilichapishwa mwaka 1954. Sehemu yake ya kwanza inafundisha kanuni za ushairi, na sehemu ya pili ni mashairi yake mwenyewe. Mpango huo peke yake una funzo. Mwandishi hakutaka kutoa amri kwa wenzake kisha akajikalia pembeni, bali alijiweka chini ya sheria alizozitaja, na msomaji akapewa nafasi ya kumpima kwa kipimo chake mwenyewe.

Yafaa ieleweke kwamba Amri Abedi hakuziunda istilahi za ushairi. Maneno kama ubeti, mshororo, kina, mizani na kituo yalikuwa vinywani mwa malenga zamani. Alichofanya ni kuyakusanya, kuyapanga na kuyafasili kwa nathari iliyo wazi, ili mtu wa Bukoba au wa Songea ambaye hakulelewa miguuni pa malenga aweze kujifunza kwa kusoma. Elimu iliyokuwa ikirithishwa kwa sikio ikaingia kitabuni.

Neno alilolichagua kwa kazi hiyo ni sheria. Angaliweza kusema kanuni, au taratibu, au mafunzo. Aliposema sheria alikusudia kwamba shairi lisilozifuata lina kasoro, sawa na mtu aliyevunja agizo. Jambo hili lilizua ubishi baadaye. Miaka ya 1970, hasa baada ya Euphrase Kezilahabi kutoa diwani yake ya Kichomi mwaka 1974, wako waliosema kwamba vina na mizani ni desturi tu, wala si sheria, na kwamba ushairi waweza kuishi bila hizo. Wengine waliitetea misimamo ya Amri kwa nguvu zote. Ubishi huo haujakwisha hata leo. Lakini hebu tutazame: pande zote mbili zilibishana kwa istilahi zilezile alizozifasili. Aliyekataa mizani alilazimika kusema mizani ndipo aikatae. Hiyo ndiyo dalili ya istilahi iliyosimama: hata mpinzani wako huitumia.

Kutoka Baraza hadi Bunge

Tanganyika ilipata Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1926, chini ya utawala wa Waingereza. Kwa muda wa karibu miaka 20 hapakuwa na Mwafrika hata mmoja ndani yake. Waafrika wa kwanza kuteuliwa, mwaka 1945, walikuwa machifu wawili, Kidaha Makwaia na Abdiel Shangali, na baadaye akafuata Chifu Adam Sapi Mkwawa, ambaye alikuja kuwa Spika kwa miaka mingi baada ya uhuru. Lugha ya Baraza ilikuwa Kiingereza. Hata ulipofika uchaguzi wa mwaka 1958 na 1959, ambapo kila mpiga kura alitakiwa kuwachagua watu watatu, yaani Mwafrika, Mwasia na Mzungu, mgombea alipaswa kukijua Kiingereza. Hivyo mkutano wa kuomba kura ulifanywa kwa Kiswahili chini ya mwembe, lakini aliyeshinda alipoingia barazani ilimbidi aiache lugha ya waliomtuma mlangoni.

Wakati huo mtu wa aina hii aliitwa mjumbe. Ni neno zuri la kale. Mjumbe ni yule anayetumwa kupeleka maneno ya mwingine, na wahenga walimkinga kwa kusema mjumbe hauawi. Lakini neno hilo lilikuwa na kazi nyingi mno. Kulikuwa na mjumbe wa mkutano, mjumbe wa kamati, mjumbe wa chama, na baadaye mjumbe wa nyumba kumi. Mara Baraza lilipogeuka kuwa Bunge, hapo lugha ilipata nafasi ya kujitanua. Kutokana na Bunge tulipata mbunge na wabunge, kisha ubunge, na sifa ya -a kibunge. Haikuhitajika kamati kueleza maneno haya. Neno moja lililokaa vizuri katika ngeli lilizaa jamaa nzima, na kila mzungumzaji wa Kiswahili aliweza kuwatambua watoto kwa kuwatazama nyuso. Hiyo ndiyo faida ya istilahi inayokubali viambishi vya Kibantu.

Neno Spika lilikwenda njia nyingine. Lilitoholewa kutoka Kiingereza likabaki peke yake, bila jamaa. Tunasema Naibu Spika, na wengine husema uspika, lakini neno lenyewe halimwambii mtu asiyejua kwamba huyu ndiye anayeongoza mjadala. Hata hivyo limekubalika, na hapana haja ya kuling'oa. Istilahi iliyokwisha kushika ni kama mti ulioota njiani: watu huzunguka, na baada ya muda kivuli chake huwafaa.

Njia ya tatu ni ya kulifufua neno la kale. Fimbo ya enzi ya Bunge, ile inayotangulia mbele ya Spika aingiapo ukumbini, inaitwa siwa. Siwa asilia ni baragumu kubwa iliyopulizwa katika sherehe za watawala wa miji ya mwambao. Ile ya Pate ilichongwa kwa pembe ya ndovu na ile ya Lamu iliundwa kwa shaba. Siwa ya Bunge haipulizwi, na umbo lake ni mbali na baragumu. Lakini maana ya ndani, yaani chombo kinachotangaza kwamba mamlaka halali yamefika, imehamishwa yote. Njia hii ndiyo iliyo ngumu kuliko zote, kwa kuwa inamtaka mtu ayajue maneno ya wazee na pia mahitaji ya leo.

Amri Abedi aliingia katika ulimwengu huu wakati maneno yake yalikuwa bado mabichi. Alikuwa Meya wa Dar es Salaam, na hapo pia neno meya lilikuwa geni, likapambwa kwa heshima ya Kiswahili likawa Mstahiki Meya. Kisha akawa mbunge, akiketi katika Ukumbi wa Karimjee pamoja na watu ambao wengi wao walizijua siasa zote za nchi kwa Kiswahili, lakini miswada ikaendelea kuletwa mbele yao kwa Kiingereza.

Kuhusu neno muswada, yafaa tuseme kidogo. Asili yake ni Kiarabu, nalo lina maana ya maandishi ya awali yasiyosafishwa bado. Mtunzi hupeleka mswada wake kwa mchapishaji, na Waziri hupeleka muswada wake Bungeni. Wote wawili wanakubali kwamba kazi yao haijakamilika mpaka ipitiwe na macho ya wengine. Amri Abedi alibeba miswada ya aina zote mbili. Siku hizi watu wengi hutenga maandishi hayo mawili kwa tahajia, wakiandika mswada kwa kitabu na muswada kwa sheria, ingawa wengine huyachanganya. Tunaona kwamba utengano huo unafaa kuimarishwa, maana hauna gharama na unaondoa utata.

Jimbo na wenyewe

Utata mwingine wa msamiati wa Bunge ulio mkubwa zaidi unahusu neno jimbo. Nchini Tanzania mbunge wa jimbo ni yule aliyechaguliwa na wapiga kura wa eneo fulani, tofauti na mbunge wa viti maalumu au wa kuteuliwa. Nchini Kenya eneo hilo huitwa eneo bunge, na neno jimbo lina historia nyingine kabisa: katiba ya mwaka 1963 iliigawa nchi katika majimbo yenye mabaraza yao, na mpango huo ulipofutwa mwaka 1964 neno majimbo likabaki katika siasa likiwa na ladha kali. Nchini Kongo jimbo ni sehemu kubwa ya utawala yenye gavana na bunge lake, hivyo mbunge wa jimbo huko ni mtu wa bunge la chini ya lile la taifa. Tunapoandika habari za Marekani, nako tunasema jimbo la Georgia au jimbo la Texas, na kila moja lina bunge lake la kutunga sheria.

Basi mwandishi wa habari akisema tu kwamba mbunge wa jimbo amefariki dunia, msikilizaji wa Dodoma, wa Nairobi, wa Lubumbashi na yule anayefuatilia habari za Marekani watafahamu watu wanne walio mbalimbali. Tanzania haikupata shida hiyo kwa ndani, kwa sababu upande wa Zanzibar, chombo cha kutunga sheria kilipoanza mwaka 1980, kiliitwa Baraza la Wawakilishi, na mtu wake akaitwa mwakilishi. Uteuzi huo ulikuwa wa busara, maana nchi moja ikapata majina mawili kwa vyombo viwili. Kwa habari za nchi za shirikisho, tunapendekeza mwandishi asitosheke na mbunge wa jimbo, bali aseme mjumbe wa bunge la jimbo, kisha alitaje jimbo lenyewe. Maneno mawili ya ziada ni nafuu kuliko kosa moja.

Wizara ya Sheria

Mwaka 1963, baada ya Chifu Abdullah Fundikira kutoka serikalini, Sheikh Amri Abedi alikabidhiwa Wizara ya Sheria. Mwaka huo ulikuwa na mambo mazito. Mpaka hapo nchi ilikuwa na mahakama za aina mbili zilizokwenda sambamba: zile za wenyeji na zile za Serikali Kuu. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1963 iliziunganisha katika ngazi moja, kuanzia mahakama ya mwanzo, kupitia ya wilaya, hadi Mahakama Kuu. Katika mahakama ya mwanzo lugha ilikuwa Kiswahili, na hakimu aliketi pamoja na wazee wa baraza.

Hapo ndipo istilahi za sheria zilipoanza kufanya kazi kila siku, wala si katika vitabu. Kwa bahati nzuri Kiswahili kilikuwa na akiba. Katika madai tunao mdai na mdaiwa, na katika jinai tunao mshtaki na mshtakiwa. Jozi hizi ni safi: kitenzi kimoja, mtenda na mtendwa, na mtu asiyewahi kukanyaga mahakamani hujua mara moja nani ni nani. Mizani na vina vimetimia, angesema malenga. Lakini tulipofika kwenye rufani, jozi mbili zilipata kusikika, mwomba rufani na mjibu rufani kwa upande mmoja, mrufani na mrufaniwa kwa upande mwingine, na mpaka leo zote zinatumika. Ya kwanza inajieleza yenyewe, na ya pili ni fupi na inafuata mfano wa mdai na mdaiwa. Sisi hatuoni kosa katika yoyote, ila tunaona kosa kwa hukumu moja kuzitumia zote.

Neno dhamana linaonyesha ugumu wa namna nyingine. Mshtakiwa huachiwa kwa dhamana, Waziri huwa mwenye dhamana ya wizara, na mkopo hutolewa kwa dhamana ya nyumba. Katika mazungumzo muktadha huokoa. Katika sheria muktadha hauaminiki, kwa sababu wakili wa upande wa pili kazi yake ni kuutafuta muktadha mwingine. Ndiyo maana neno jipya kama hatifungani, kwa karatasi za mkopo wa serikali, lilikuwa msaada mkubwa: liliondoa mzigo mmoja mgongoni mwa dhamana.

Mfano ulio mzito kuliko yote ni mahari. Mwaka huohuo wa 1963 lilitolewa Tangazo la Sheria za Mila, lililokusudia kukusanya na kulinganisha mila za makabila yanayofuata ukoo wa baba, katika mambo ya ndoa, ulezi wa watoto na urithi. Katika sheria ya Kiislamu mahari ni haki ya mke mwenyewe, naye huimiliki. Katika mila nyingi za bara, ng'ombe au mali hiyo hupewa baba wa mke na jamaa zake, na ndoa ikivunjika huenda ikadaiwa irudishwe. Kiswahili kimeviita vitu hivi viwili kwa jina moja. Mwanamke anayesikia mahakamani neno mahari, na hakimu anayelitamka, huenda kila mmoja ana picha yake kichwani. Hapa si suala la uzuri wa lugha tena. Ni suala la nani ana haki juu ya mali, na pengine juu ya mtoto. Waziri aliyekuwa mwanazuoni wa dini na mzaliwa wa bara alikuwa mahali pa kuiona tofauti hiyo kuliko wengi.

Kwa kuongezea, mwaka 1963 ndio mwaka Mwalimu Julius Nyerere alipotoa tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare kwa jina la Julius Caezar. Kiongozi wa nchi alikuwa akijaribu kama Kiswahili chaweza kubeba hotuba za Kirumi, wakati Waziri wake wa Sheria alikabiliwa na swali kama chaweza kubeba hukumu za Kiingereza. Kazi ya kwanza ilikamilika kwa kalamu ya mtu mmoja. Ya pili haikuweza kukamilika hivyo, kwa sababu istilahi ya sheria haitoshi iwe nzuri tu, bali lazima ikubaliwe na mahakimu, mawakili, waandishi wa sheria na walimu wao wote.

Kifo, na kazi iliyobaki

Baada ya Muungano wa mwaka 1964 Sheikh Amri Abedi alihamishiwa wizara iliyoshughulikia maendeleo ya jamii na utamaduni wa taifa. Kwa mtu wa kalamu, hapo ndipo palipokuwa mahali pake hasa. Lakini muda haukumngoja. Mwezi Oktoba 1964 alifariki dunia mjini Bonn, Ujerumani Magharibi, akiwa na umri wa miaka 40 hivi. Jina lake limebaki katika uwanja wa michezo wa Arusha, ambao huandikwa Sheikh Amri Abeid, ilhali kitabu chake kinaandikwa Amri Abedi. Hata jina la msanifu wa lugha halikusalimika na tofauti za tahajia.

Mambo aliyoyaacha yaliendelea kwa mwendo wa hatua hatua. Januari 1967 serikali ilitangaza kwamba Kiswahili kitumike katika shughuli zote za serikali, na mwaka huohuo Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa kwa sheria. Mwaka 1968 Kitivo cha Sheria cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa orodha ya istilahi za sheria kwa Kiswahili. Mwaka 1972 sheria ya tafsiri ya sheria iliruhusu sheria za nchi ziandikwe kwa Kiingereza, au Kiswahili, au kwa lugha zote mbili. Baraza nalo likawa likitoa orodha zake za Tafsiri Sanifu.

Hata hivyo, kwa miongo mingi hali ilikuwa ya ajabu. Wabunge walijadili kwa Kiswahili fasaha muswada ulioandikwa kwa Kiingereza, wakapiga kura kwa Kiswahili, na ikapita sheria ya Kiingereza. Mahakama ya mwanzo iliwasikiliza wadaawa kwa Kiswahili, na shauri lilipopanda hadi Mahakama Kuu lilivaa mavazi mengine, likajadiliwa kwa lugha ambayo wenyewe wa shauri hawakuifahamu. Kenya nayo ilipita njia inayofanana na hiyo: Rais Jomo Kenyatta aliagiza mwaka 1974 Kiswahili kitumike Bungeni, lakini miswada ikabaki katika Kiingereza.

Sababu iliyotolewa mara nyingi ni kwamba istilahi hazitoshi. Tunapoitazama historia hii hatukubaliani na sababu hiyo moja kwa moja. Orodha ya mwaka 1968 ilikuwako. Ruhusa ya mwaka 1972 ilikuwako. Kilichokosekana ni matumizi. Istilahi ni kama njia ya porini: haifanywi na ramani, inafanywa na miguu. Ni mwaka 2021 tu, Bunge lilipopitisha Sheria Na. 1 ya marekebisho mbalimbali, ndipo Kiswahili kilipotangazwa kuwa lugha ya sheria na ya utoaji wa haki mahakamani, huku Kiingereza kikiachiwa nafasi pale inapolazimu. Tangu Amri Abedi ashike Wizara ya Sheria hadi siku hiyo ni miaka 58.

Hitimisho

Tunajifunza nini katika maisha haya mafupi? Kwanza, kwamba istilahi bora nyingi huwa zipo tayari vinywani mwa wenye kazi yao. Jukumu la mtaalamu ni kuzikusanya na kuzifasili kabla ya kuunda nyingine, kama Amri Abedi alivyofanya kwa mashairi. Pili, kwamba sikio ni mpimaji mwema. Jozi ya mdai na mdaiwa imedumu kwa sababu inaimbika, na neno lisiloimbika hubaki katika orodha. Tatu, kwamba mwenye kuagiza lugha ifuate sheria naye aishi chini ya sheria hiyo. Diwani ilifuata baada ya sheria katika jalada moja. Vivyo hivyo Bunge linaloamuru sheria ziwe kwa Kiswahili halina budi kuleta miswada yake kwa Kiswahili.

Kazi iliyo mbele yetu sasa si ndogo. Sheria nyingi zilizotungwa kwa Kiingereza tangu ukoloni zinangoja kutafsiriwa, na kila moja ina vifungu, majedwali na fasili zinazotegemeana. Mfasiri mmoja akiandika mrufani na mwingine mjibu rufani, mmoja mahari bila kueleza ya nani, mmoja dhamana kwa maana tatu, raia atakuwa ametolewa katika giza la lugha ngeni akaingizwa katika ukungu wa lugha yake mwenyewe. Kwa hiyo tunawasihi waandishi wa sheria, mahakimu, walimu na wafasiri washirikiane na Baraza, walete maneno wanayoyatumia pamoja na mifano ya matumizi yake, ili yapimwe mapema. Shanga tunazo za kutosha. Ni juu yetu kuhakikisha kwamba uzi ni mmoja.